Sakafu ya Lorine Huko Poland

Saa nane mchana mtaani Obunga, watu wenye akili walikuwa wamejilaza kwenye simiti kupoza migongo. Ondiek, fundi wa sakafu anayeitwa Pima Maji, alikuwa kwenye benchi la kahawa na simu mkononi, jasho likimtoka. Binti yake Lorine aliondoka kwenda Poland miaka miwili iliyopita wakiwa wamenuniana, na leo ndiyo mara ya kwanza amemwandikia. Akimjibu ovyo, huenda asimsikie tena. Akausoma ujumbe kwa sauti.

— “Baba, fleti yetu ni simiti tupu, na Dorca anatambaa hapo siku nzima. Tuweke mabomba ya maji moto chini ya sakafu, ama hita ya ukutani? Fundi anataka jibu leo.”

— Ati wapashe sakafu moto? Kangethe, fundi wa stima, nusura aangushe kikombe. Makusudi?

— Makusudi.

— Yawa, akasema Dalmas, aliyebeba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno kwa boda mwaka mmoja na tangu hapo anaitwa Profesa. Hiyo si nyumba, ni jiko. Unalala mbichi, unaamka umeiva.

— Maji chini ya simiti itapasua kila kitu, Kangethe akasema. Aweke ya ukutani.

— Ya ukutani itapasha dari bure, Ondiek akasema. Joto hupanda.

— Na ya chini itapanda na gorofa nzima. Profesa alikuwa amekolea. Ifure kama mandazi. Umekodi gorofa ya tatu, asubuhi uko ya tisa.

— Na huyo Dorca ni nani? Kangethe akauliza.

— Si ni wa kupiga deki, Profesa akasema. Anatambaa na tambara.

— Basi anunuliwe mopu, maneno iishe, Ondiek akasema.

Nabwire, aliyefungua kibanda cha avokado hapo kando wiki hiyo, alikuwa amekuja kununua kahawa na kusikia yote.

— Samahani, Mzee. Huyo Dorca ana miezi mingapi?

Ondiek akausoma ujumbe upya, akakwama kwenye jina. Marehemu mama yake, mtaa mzima ulimwita Nyar Pap, yaani binti wa kutoka Pap Onditi. Dorca lilikuwa jina lake la kanisani, na siku ya kuandika msalaba wa kaburi Lorine ndiye aliyemkumbusha Ondiek jina hilo. Na kwao mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Mjukuu anatambaa, babu anamtafutia mopu.

Akaandika: “Weka ya chini. Simiti ikishika joto haiachi haraka.” Halafu akaongeza: “Anafanana na nani?”