Fundi Aleixo na Mji wa Waskoti Kule Ufaransa

Kitendawili, wasikilizaji wapendwa! Mgeni wangu haji na mzigo, lakini akiondoka huondoka na mwenye nyumba. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Jibu ni maradhi. Na mji niliopewa leo ni Aubigny, mji mdogo wa Ufaransa, kando ya mto Nère.

Tunamkumbuka fundi Aleixo, Mgoa wa Tanga, mkazi wa Flemingdon Park, hapa Toronto. Alishona sketi za Waskoti, zile za mirabaraba wanazovaa wanaume wa bendi ya zumari. Miaka thelathini na moja, wasikilizaji. Miaka thelathini na moja ya kukunja marinda, na Ulaya hajaikanyaga.

Bendi hiyo ilikuwa ikienda Aubigny kila Julai, kwenye sherehe. Mfalme wa zamani wa Ufaransa alimpa bwana mmoja wa Kiskoti mji ule, na mpaka leo watu wake hawajasahau.

"Esme, sketi zangu zimefika huko," Aleixo alimwambia mkewe, Esmeralda. "Mimi je?"

Julai iliyopita wakaenda. Wakakuta nyumba kuukuu za mbao, zimeegemeana kama wazee watokao misani. Aleixo alikuwa na masikio mazito. Mtembezaji wa wageni akisema neno, Esmeralda humrudilia sikioni. Ndivyo walivyoishi, benki hivyo, hospitali hivyo.

Gwaride likapita. Aleixo akamdaka Mfaransa mmoja sketi.

"Marinda gani haya, yamelala kama mlevi! Nani kashona?"

"We Aleixo! Mwachie mtu nguo yake!" Esmeralda alikuwa anacheka.

Aleixo akapiga goti ayanyooshe. Hakuinuka tena. Moyo ulisimama palepale, mkono umeshika pindo la mtu asiyemjua.

Mwili ukaletwa Toronto. Siku ya tisa ya rozari, sebule imejaa majirani, Joanne, binti yao wa pekee, akatoka chumbani na karatasi ya hospitali. Imeandikwa wiki mbili kabla ya safari: mgonjwa asipande ndege.

"Mama, baba alijua?"

Esmeralda akasogeza punje ya rozari. "Salamu Maria, umejaa neema..."

"Mama! Nakuuliza, baba alijua?"

"...Bwana yu nawe..."

Joanne akachukua funguo zake. Wiki ya saba hii, hajakanyaga kwa mama yake, wala simu za mama hapokei.

Esmeralda, Joanne, poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu. Nanyi mnaonisikiliza, mlio jikoni na mlio kwenye basi, hebu tazameni leo ni lipi mmemficha mtu mnayempenda.

Esmeralda ameketi hapa ubavuni mwangu. Joanne yuko kwake Rexdale; ametuahidi atasikiliza mpaka mwisho. Mama anavuta kipaza sauti.

"Joanne, mwanangu. Baba hakujua. Daktari alisema asipande ndege. Mimi nikamwambia sikioni: amesema twende salama."