Moyo wa Mutindi Uliposimamishwa

Garimoshi lilipoondoka Emali, asubuhi moja ya mwaka 1979, Wakiuru, mwenye duka Mtito Andei, alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Kalondu alikuwa akimsimulia Kiema, mzee wa kanisa waliyekutana naye behewani humo.

"Mzee, huyu mtoto akinyonya alikuwa anatoka jasho kama mtu wa jembe," alisema, akimshika bintiye Mutindi, wa miaka sita. "Ukiweka mkono kwa kifua, unasikia kitu kinanguruma. Daktari wa Nairobi akaniambia moyo uko na shimo huko chini, kwa ukuta wa katikati, damu inapita mahali haifai. Wakasimamisha moyo, wakashona kiraka!"

"Wakasimamisha?"

"Karibu saa nzima! Mashine ndiyo ilikuwa inasukuma damu."

Kiema alivua kofia. "Basi, mama, mtoto alikufa."

"Hakufa!"

"Moyo ukisimama, mtu amekufa. Mungu amemfufua, na wewe unasifu mashine!"

"Nasifu wote wawili!"

Behewa zima likageuka, na ghafla kila abiria akawa daktari. Wakiuru akasahau kwamba amelala.

"Mimi nilikuwa nimelala tu," Mutindi alisema.

"Umesikia?" Kiema akaruka. "Hata mazishini tunasema amelala!"

Kalondu alicheka hadi machozi yakamtoka. Garimoshi likasimama Kibwezi. Kiema alikuwa bado anabisha dirishani wakati Mutindi aliposhuka na kutimua mbio kuelekea kwa baba yake, aliyekuwa akiwasubiri stesheni. Baba, ambaye hakuwahi kumwona akikimbia, aliinua mkono kumzuia, kisha akauacha papo hapo hewani.