Pepo Aliyesubiri Tuinamishe Vichwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mzee wa kanisa alinipa dakika tano za kushuhudia. Nikaomba kumi, tukapatana saba. Saa nimeshaiangalia mara mbili, kwa hiyo nianze.

Mimi ni Mama Neema, fundi wa nguo, duka langu lipo Stratford, hapa London. Sare za kwaya mnazoziona zimepita mikononi mwangu. Miaka ishirini na mbili nimeinama juu ya cherehani.

Mwaka juzi tumbo lilinigomea. Nikila vijiko vitatu vya wali nashiba kama niliyetoka harusini. Kichefuchefu, tumbo kujaa, kizunguzungu. Sketi yangu nikaipunguza kiunoni, baada ya mwezi nikaipunguza tena. Fundi hawezi kujidanganya kuhusu kiuno chake, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni mchana kutwa.

Nikapiga simu kwa daktari wa mtaa wetu, Thamesmead. Binti wa mapokezi akasema miadi moja ni tatizo moja.

"Mwanangu, ninayo mawili, tumbo na shingo. Shingo ni ndogo, niwekee kama nyongeza."

Akakataa, hakushuka hata kidogo. Basi nikaenda na tumbo. Shingo iliyokuwa ikiuma na kunitia ganzi vidoleni nikaiacha nyumbani. Hapo ndipo nilipokosea, ndugu zangu. Tumbo likapimwa, likaonekana halina kitu. Nikapewa vidonge, nikavimaliza, hali ikabaki ile ile.

Sasa mengine mliyaona wenyewe. Kila tulipoambiwa tuinamishe vichwa tuombe, nami nikainama, baada ya muda mfupi kichefuchefu kilipanda, jasho likanitoka, nikakimbilia nje. Jumapili ya kwanza mlinipa pole. Ya tatu mlinitazama. Siwalaumu. Mtu anayekuwa mzima wakati wa matangazo na kuugua wakati wa maombi, hata mimi ningemshuku.

Kikundi cha maombezi kikanizunguka. Mama mmoja akasema, "Amesikia jina la Bwana, anatapatapa huyo," akanikandamiza kichwa chini zaidi. Nikatapika kwenye viatu vyake. Watu wakashangilia, wakidhani pepo ametoka.

Hakutoka. Nikafunga siku tatu, ingawa mtu asiyeweza kula hajui vizuri kama amefunga au la. Nikamwambia Mungu, niondolee hili, nitashona sare za kwaya bure. Kimya. Nikaongeza mapazia ya madhabahu. Kimya. Halafu nikaona jina langu limefutwa kwenye orodha ya zamu za jikoni. Nikaacha kuja. Neema, binti yangu, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba Mungu hachukii watu kwa sababu ya tumbo. Sikumwamini. Niliketi nyumbani Jumapili baada ya Jumapili, nikiogopa kwamba nimekataliwa.

Siku moja Dada Upendo, muuguzi wetu hapa, alikuja dukani kuchukua gauni lake. Alinikuta nimeinama, namalizia pindo, mkono mmoja mdomoni.

"Mama Neema, hapa tunaomba?"

"Hapana, tunashona pindo."

"Basi mbona pepo amekuja?"

Nikacheka. Akaniambia niinue kichwa, nitazame mbele, nipumue. Kichefuchefu kikapungua. Nikainama tena, kikarudi. Nilirudia mara mbili, mnanijua.

"Piga simu upya," akasema, "na safari hii anza na shingo."

Picha ya shingo ikapigwa. Pingili za shingo ni saba, nilizihesabu mara mbili pale kwenye kioo cha kompyuta ya daktari, na mbili zilikuwa zimechakaa. Daktari akanieleza kwamba upo mshipa wa fahamu unaotoka kichwani, unapita shingoni na kushuka hadi tumboni, na ndio unaolihimiza tumbo lifanye kazi. Huenda shingo iliyochakaa inausumbua. Akasema wataalamu bado hawajakubaliana, na yeye hawezi kuapa.

"Daktari, nipe hiyo huenda yako, naichukua."

Nikafundishwa mazoezi. Cherehani nikaiinua juu ya mbao mbili. Kila nusu saa nasimama. Ilichukua miezi, ndugu zangu, siwadanganyi. Vijiko vitatu vikawa sita, vikawa sahani. Ile sketi nimeifumua kiunoni mara mbili. Pingili hazijawa mpya, na siku za baridi zinanikumbusha. Lakini ninakula.

Mtu atasema, basi aliyekuponya ni daktari. Nami namuuliza, Upendo alitumwa na nani kufuata gauni siku ile? Niliomba muujiza nikaletewa muuguzi, nami nimempokea bila kuomba nibadilishiwe. Yule mama wa maombezi alikuja kunipa pole, nami nikampa pole ya viatu. Jumapili ijayo zamu ya jikoni ni yangu.

Ndugu yangu uliyekuja na jambo moja mdomoni na la pili umelificha, kwa Mungu hakuna miadi ya tatizo moja. Mpe yote, anapokea. Na kwa daktari, piga simu mara mbili.

Dakika zangu zimeisha. Tusimame tuombe. Ninyi inamisheni vichwa. Mimi nitaomba nikitazama juu, na mtakapofumbua macho mtanikuta bado nipo.