Taa Nyekundu ya Papa Vénuste

Papa Vénuste Rukundo, mlinzi wa mnara wa taa wa gati letu hapa Rusizi, anastaafu leo, tarehe 31 Julai 2026, baada ya miaka thelathini na miezi minne ya kazi. Katika muda huo mnara umejengwa mara nne. Yeye alijengwa mara moja tu, na bado yuko imara, ukiacha magoti.

Alizaliwa na kukulia ng'ambo ya mpaka, Bukavu, akarudi huku kwao na mke wake, Maman Patricie, akaanza kazi Aprili 1996. Mnara wa kwanza ulikuwa nguzo nne za mikaratusi na taa ya mafuta juu yake. Wakongwe wanasema taa ile ilionekana vizuri sana kwa watu waliokwisha kufika. Upepo ulipouangusha mwaka 2003, ukajengwa wa matofali, na hapo ndipo mzee wetu alipofanya kosa ambalo mwenyewe ameniruhusu kuliandika.

Aliomba taa nyeupe, kali kuliko zote, akapewa. Lakini hapa kwetu wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, nao huvua kwa taa nyeupe, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Jioni moja ya siku ya soko, nahodha wa boti la abiria aliiona taa ya mnara, akadhani ni wavuvi kazini, akapinda ili asizikanyage nyavu zao. Akaupanda mwamba. Kwa neema ya Mungu hakufa mtu, ila mama mmoja alivunjika mkono na magunia ya mahindi yakazama.

Hakuna aliyemlaumu Papa Vénuste, maana hakuna aliyefikiri kwamba sababu ni taa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika ripoti ya kujishtaki. Akaenda hospitali kumwomba radhi yule mama, na siku hiyohiyo akachukua kitenge chekundu cha Maman Patricie, kipya kabisa, akakizungushia kioo cha taa. Tangu hapo taa yetu ikawa nyekundu, na hakuna boti lililopanda mwamba tena. Maman Patricie hajaacha kukiulizia kitenge chake.

Tetemeko la 2008 likaupasua mnara wa matofali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee wetu aliziba nyufa wiki nzima, na ukuta akaujenga vilevile, ule wa mnara wetu wa tatu, akibeba mawe na mifuko ya saruji ya kiwanda cha Muganza pamoja na mafundi. Amefundisha kazi walinzi sita. Mimi ni wa mwisho na, kwa maneno yake, mbishi kuliko wote.

Ubishi huo nauungama hapa. Mwaka huu tulipata mnara wa nne, wa chuma, wenye taa ya umeme wa jua. Injinia wetu, Fabien, alileta taa nyeupe inayong'aa ajabu, nami nikaipenda, nikaipiga picha na kuwatumia ndugu zangu wote. Ikabaki remise-reprise, ile karatasi ya kukabidhiana kazi, ambayo bila sahihi ya Papa Vénuste mnara haupokelewi wala yeye haendi nyumbani. Akakataa kusaini.

"Ile kosa nilishaifanyaka miye," akasema. "Sitaisinyia mara ya pili."

Tulidhani ni uzee. Wengine tulinong'ona kwamba hataki tu kuondoka, na kwa hilo naomba radhi mbele ya wageni wote. Alituomba jambo moja: Fabien na mimi tuingie ziwani jioni, tuutafute mnara wetu. Tulipofika katikati, Fabien akanyoosha kidole kwa uhakika mkubwa. Mpiga kasia akacheka mpaka kasia likamponyoka.

"Hapana, chef, ile ni taa ya shemeji yangu. Analobaka sambaza."

Nikajaribu mimi, nikaonyesha taa ya binamu yake. Kioo chekundu kiliwekwa juzi, na sahihi ikatiwa jana. Sote tunajua kusema kwamba kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Papa Vénuste ndiye pekee niliyemwona akikubali kuchelewa kwenda nyumbani kwa sababu ya maneno hayo.

Papa, tunakushukuru kwa minara minne na kwa uvumilivu wako kwetu. Maman Patricie, kwenye meza ya zawadi kuna kitenge chekundu. Tafadhali kifiche.

Nimalizie na hili. Miaka yote hii, kila taa ilipowashwa, wewe ulikuwa chini yake, hukuwahi kuiona ukiwa majini. Leo baada ya sherehe unavuka kwenda kisiwani Nkombo, kwao Maman Patricie, mlikojenga. Boti likifika katikati, geuka nyuma. Nitakuwa nimekwisha kuiwasha. Nenda salama, Papa, na maisha yakuwie mema.

Joselyne Kamikazi, mlinzi wa taa