Historia ya Gabrieli Kobelo, Pamoja na Upande wa Baba Yake

Padre, wazee, ndugu wa pande zote mbili na majirani wa Kinole, poleni na msiba. Anayesoma ni mjukuu wangu Tumaini, ila maneno ni yangu mimi Modesta, bibi mzaa mama wa marehemu. Mimi sikusoma, kalamu ameshika yeye na tarehe amezitoa kwenye vyeti, nami nimemkataza kupunguza hata neno moja, hata akiona watu mnatazamana.

Gabrieli Mikaeli Kobelo alizaliwa hapa Kinole tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa pekee wa binti yangu Bernadeta na marehemu Mikaeli Kobelo. Baba yake alifariki tarehe 2 Novemba 1997, alikuwa anashusha mkungu wa ndizi kutoka shambani, akashika kifua, akakaa chini, hakuinuka tena, na ndugu zake wakasema Bernadeta kamroga, wakamzuia hata kutupa udongo kwenye kaburi la mume wake. Siku ile niliapa kwamba jina la mtu wa kwao halitatajwa nyumbani kwangu, nikamchukua mtoto, nikamwambia baba yake alikufa kwa malaria. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, kwa hiyo nilijiona nina haki yote.

Alianza darasa la kwanza hapahapa mwaka 1999, akamaliza la saba 2005, akasoma sekondari Morogoro mjini mpaka kidato cha sita mwaka 2012, kisha ualimu, akahitimu 2015. Alikuwa mrefu kuliko walimu wake, vidole virefu vya kuzunguka kikombe mara mbili, miwani mizito tangu darasa la tatu, wenzake wakamwita Nguzo ya Umeme, naye akawajibu kwamba basi wamheshimu, akianguka wote watakaa gizani.

Mwaka 2016 aliajiriwa kufundisha hesabu sekondari huko Gairo. Tarehe 17 Juni 2017 alifunga ndoa na Upendo, huyu hapa aliyejifunika khanga, wakajaliwa binti mmoja, Margareth, tarehe 8 Aprili 2018.

Kuhusu ugonjwa, msikilize vizuri. Mwaka 2021 macho yalimzidi, daktari wa macho akaona lenzi ya jicho imehama mahali pake, akamtazama vidole, akamwambia akapime moyo. Tarehe 9 Februari 2022 tulikwenda wote wawili hospitali kubwa Dar es Salaam, maana daktari wa moyo alitaka mtu mzima anayejua vizazi vya nyuma. Akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kurithi, unalegeza vile vinavyoshikilia mwili, na mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo unatanuka polepole mpaka unaweza kuchanika. Wa Gabrieli ulikuwa sentimita nne na pointi mbili, angekunywa dawa, asibebe mizigo mizito, apimwe kila mwaka, na ukifika tano apasuliwe. Lakini kama yupo ndugu wa damu, wa mama au wa baba, aliyekufa ghafla, hawatasubiri tano, ukifika nne na nusu wanapasua. Akauliza kama yupo. Gabrieli akanigeukia mimi.

Nikasema, "Hayupo, daktari. Kwetu watu wanakufa kwa uzee."

Na nilikuwa najua. Nilimjua Mikaeli na mkungu wake, nikamjua na dada yake Irene, mrefu vilevile, aliyeanguka akafa mwaka 2009 kwenye foleni ya komunyo, tena habari hiyo iliponifikia nilisema wamelipwa. Daktari akaandika hayupo. Mwaka 2023 kipimo kikasoma nne na pointi nne, 2024 nne na nusu, Februari mwaka huu nne na pointi saba, kila akirudi ananisomea kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule, anafurahi kwamba haijafika tano, nami nampakulia ugali.

Nanyi msikae hapo kama watakatifu. Alipokataa kubeba tenga la mananasi mlimwita mwalimu mvivu, wengine mkamwambia mkewe kwamba ameolewa na mwanamwali.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa Gairo, alisikia mgongo unachanika katikati ya mabega. Zahanati alikokimbizwa walimpa dawa ya vidonda vya tumbo wakamlaza, Upendo akawaonyesha kadi ya moyo tangu anaingia, wakaja kuisoma saa nane mchana, akafariki kwenye gari la wagonjwa kabla ya kufika Morogoro. Miaka thelathini na minne.

Jana fundi alirudi kupima upya, jeneza lilikuwa fupi, nikakumbuka la Mikaeli nalo liliongezwa mbao. Na huko jikoni nawasikia mnanong'ona nani kamroga. Hakuna. Bernadeta hakumroga Mikaeli, na watu wa Mikaeli hawakumroga Gabrieli. Mimi ndiye niliyeulizwa nikaficha.

Margareth ana miaka saba na anavaa magauni ya miaka kumi. Jumatatu ijayo anapimwa moyo, na wajomba zake wasije kuniambia mtoto ni wa ukoo wao na ugonjwa ni wa kwetu. Nitampeleka mwenyewe, na safari hii nitawataja wote kwa majina.

Tunamshukuru daktari wa macho aliyeona kwa kutazama vidole tu, daktari wa moyo aliyeuliza alichopaswa kuuliza, walimu wenzake wa Gairo waliomleta mpaka huku mlimani, na ninyi majirani mliochimba kaburi refu.

Nyuma pale kwenye migomba amesimama Ezekiel, mdogo wake Mikaeli, mrefu kama wao. Tangu jana ananiamkia shikamoo, sijamwitikia. Ezekiel, marahaba, baba. Njoo mbele huku, Jumatatu na wewe tunakwenda kupima. Udongo wa kwanza mtatupa wewe na Bernadeta, pamoja.

Gabrieli, mjukuu wangu, lala kwa amani. Nimeshawataja.