Alama Baada ya Kumeza

Njooni karibu wanangu, dada mtu kaa hapa kitandani, na wewe Mzee, kijana wangu mdogo, panda kwa dada yako, polepole na huo mpira wa dripu, mnisikilize sasa hivi kwa sababu muuguzi ameshanichoma sindano na ulimi utalegea kabla hawajaja kunisukuma chumba cha upasuaji. Naogopa, sitawadanganya. Ila hili ninalowaachia nalijua kuliko ninavyojua kushona.

Dada, kunjua kalenda niliyokwambia uje nayo pamoja na vidonge. Unaona? Miezi saba, kila siku alama ya penseli, na kila alama ni kidonge cha kifafa alichomeza mdogo wako, na miezi yote saba hajaanguka hata mara moja. Bibi yenu alinicheka, eti, "Mwanangu, umemfungulia mtoto daftari la mahudhurio!" Nikamwambia ndiyo mama, na mwalimu mkuu ni mimi. Kuanzia leo mwalimu mkuu ni wewe, dada.

Usitegemee kukumbuka. Kidonge kinafuata mswaki: mswaki ukirudi kwenye kikombe, kidonge kinatoka, Mzee anameza, anafungua mdomo, anainua ulimi, ndipo ushike penseli. Ndipo, umenisikia? Mwaka jana msimu wa sare za shule nilikuwa na magauni arobaini ya kushona, nikajiona mjanja, Jumatatu nikaweka alama za wiki nzima kwa mkupuo ili nisisumbuke, na kila asubuhi nikitupa jicho ukutani naona alama, moyo unatulia, narudi kwenye cherehani. Alhamisi akaanguka jikoni. Shangazi yenu akaniita mzembe mbele ya daktari, na mpaka leo sijamsalimu. Mwambieni alisema kweli. Mwambieni nimekiri mwenyewe.

Siku ikikupita, acha kisanduku cha siku hiyo wazi, mwambie bibi, usimpe viwili kufidia, usikae kulia, kesho yake mswaki, kidonge, penseli, kama kawaida. Utaweza. Mimi niliweza, na unanijua nilivyo.

Cherehani ni yako, dada, na ule mkasi mkubwa usikatie karatasi, nitajua tu. Mzee, redio ni yako, na kitanda cha dirishani pia, mmeshakigombania vya kutosha. Baba yenu akirudi safari mfundisheni kalenda, maana yule hutafuta funguo huku kazishika mkononi.

Haya, nasikia magurudumu. Mungu awakuze wanangu... awape asubuhi nyingi, nyingi kweli... mpendane. Ngoja. Kisanduku cha leo mbona kitupu? Mlikurupuka kuja huku, eh? Mswaki mlipiga? Basi toa kidonge, dada, maji yale pale. Meza, baba. Fungua mdomo... inua ulimi... safi.

Sasa weka alama. Wewe, dada, kwa mkono wako... Nikirudi... nitaikagua.