Mafuta Yaliyokataa Kuganda

Benchi la Mama Fridah, muuza kahawa, pale sokoni Bumula lilikuwa na miguu mitatu, wa nne ni tofali, na asubuhi ile ya mwaka 2006 lilibeba wanaume watatu wakinywa kahawa. Wawili walikuwa wakibishana. Wa tatu, Wabwile, alitazama chini. Wiki iliyopita alichinja nguruwe kuwapokea wakwe wa binti yake Nekoye, aliyeolewa Kitale. Mkwe haondoki mikono mitupu, basi akawafungia mgongo mzima na mafuta yake kwa majani ya ndizi. Hawajafika hata nusu ya njia, mafuta yakatiririkia gauni la kanisa la mama mkwe.

— Ni jua, alisema Mukhisa, waliyemwita Redio kwa vile hazimiki. — Jua la siku hizi si la baba zetu.

— Na majani ya ndizi yalifunika nini? aliuliza Wanyonyi, aliyeitwa Daktari tangu mbuzi fulani apone mbele yake. — Huyo nguruwe alikuwa na mawazo, bana. Mnyama akihuzunika, mafuta yanakuwa maji.

Redio akasema hapana, ni mbegu ya Uganda iliyopitia mpaka wa Suam, haijazoea baridi yetu. Daktari akaupeleka mjadala kwenye mnara wa simu: ati unachemsha mifugo ikiwa hai.

— Si hata wewe ukipita hapo kichwa kinapata moto?

— Chako kilichemka kabla ya simu kuja.

Wakacheka. Wabwile naye akacheka, ila alichelewa.

Yeye alijua. Alisikia chakula cha dukani kinatiwa shaba kidogo ili nguruwe akue haraka, akakumbuka ule unga wa buluu wa kunyunyizia mibuni, si ni shaba hiyo hiyo? Akawa anachota kwa kiganja, anachanganya na pumba kila asubuhi. Nguruwe akanenepa mpaka majirani wakaja kumtazama. Jana bwana mifugo alimgombeza sana: dawa ya mimea si ya kulishwa mnyama, na shaba ikizidi hulainisha mafuta yasigande. Lakini hilo halikumuuma kama lingine. Alfajiri ya siku wageni walipoondoka, nyama ikiwa imelala usiku kucha kwenye baridi, aliyabonyeza yale mafuta na kidole kikazama kama kwenye uji. Akayafunga hivyo hivyo, wageni wasirudi bure.

Mara Nekoye akatokea, vumbi la safari miguuni. Aliwasalimia wazee akiwa ameinama. Wakasogea apate nafasi, hakukaa. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba huko Kitale hakuna aliyemsema vibaya. Gauni limefuliwa, halitakati, na kila siku linaanikwa mbele ya mlango wake yeye Nekoye.

— Baba, ulipokuwa ukiyafunga, uliyaona vile yalikuwa?

Daktari akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

— Keti kwanza, mama, Wabwile akasema.

— Nimekaa garini tangu alfajiri, baba. Nasikiliza nikiwa nimesimama.